Nilivyokuwa Kitunda cha Sataranji Katika Nchi ya Baridi

KUISHI kwingi ni kuona mengi, walisema wazee wetu, na mimi katika umri wangu wa miaka 61 nilidhani nimekwisha kuona ya kunitosha. Lakini sikupata kuota hata siku moja kwamba nitasimama katika ukumbi mkubwa mjini Birmingham, huko Uingereza, na kanzu yangu na joho langu, nikiwa kipande kimoja cha mchezo wa sataranji, na watu wakinipigia makofi na kunishangilia kama mchezaji wa mpira.

Msomaji mpenzi, usicheke kabla hujaisikia habari yote.

Mwezi wa Novemba mwaka uliopita nilikwenda Birmingham kwa harusi ya jamaa yetu. Kabla sijaondoka Mombasa, kakangu alinifuata barazani kwangu Kibokoni, akanitwisha kazi nyengine juu ya hiyo ya harusi. Binti yake yuko huko kwa masomo. Alipelekwa akasomee ufamasia, na baada ya mwaka mmoja akaleta habari kwamba ameuwacha, sasa anasomea ubunifu na ushonaji wa mavazi ya michezo ya kuigiza. Tena picha zake zilikuwa zimefika Mombasa kwa simu, kama zifikavyo picha zote siku hizi, zikimwonyesha amevaa mavazi ya ajabu katikati ya watu waliovaa ya ajabu zaidi. Na watu wa mtaani, kama ujuavyo, walikuwa wamekwisha kuzitia chumvi.

"Wewe una macho," kakangu akaniambia. "Nenda ukamtazame. Ukiniambia arudi, atarudi. Ukiniambia akae, nitalipa ada ya muhula ujao. Neno lako ndilo nitakalolifuata."

Basi nilipanda ndege na kilo mbili za halwa mkobani na hukumu ya mtoto wetu kifuani. Na hukumu ndiyo iliyokuwa nzito.

MKUTANO WA WAPENZI WA HADITHI

Wiki ya tatu ya kukaa kwangu kule, siku ya Jumamosi, binti akaja kunisalimia asubuhi. Alinibusu mkono kama alivyofundishwa nyumbani, akasema, "Ami, leo nataka twende pamoja. Najua baba amekutuma. Afadhali uone kwa macho yako kuliko kuziona picha."

Mbele ya maneno yale nilikosa la kujibu. Nikavaa kanzu yangu ya darizi, kofia yangu ya vito, na joho nililolichukua kwa ajili ya harusi, kwani baridi ya Novemba kule haina huruma na joho lile ni zito. Nikashika na bakora yangu, tukatoka.

Mahali tulipokwenda ni mkutano wa watu wapendao hadithi za filamu, vitabu vya katuni na sinema za Kijapani. Mikutano ya namna hii ina umri mkubwa kuliko nilivyodhani. Mwaka wa 1939, katika mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa hadithi za kisayansi, uliofanywa New York, walihudhuria Forrest Ackerman na Myrtle Douglas wakiwa wamevaa mavazi ya watu wa zama zijazo, na mavazi yale aliyashona huyo mwanamke. Tangu hapo mchezo ukaenea, ukafika Japani, na huko ndiko ulikopata jina linalotumika sasa ulimwenguni kote, kosplei. Maana yake kwa ufupi ni kuvaa na kujifanya mtu wa katika hadithi.

Tulipoingia, loo! Nikaona majitu yenye mabawa, mashujaa waliovaa deraya, wachawi, na vijana waliotia nywele rangi ya nyasi. Sitaficha: wengine walikuwa wamevaa nguo ambazo mtu wa heshima huinamisha macho. Niliinamisha yangu, na moyoni nikaanza kuandika ile hukumu.

Lakini niliona na mambo ya kunizuia. Mlangoni palikuwa na tangazo kubwa lisemalo kuwa si ruhusa kumgusa mtu wala kumpiga picha ila kwa idhini yake, hata akiwa amevaa vipi. Nikasema, hii ni adabu ambayo hata harusini kwetu siku hizi imetushinda. Tena palikuwa na meza ya kukagulia silaha, ambapo kila upanga wa mbao na kila mkuki wa sponji ulitazamwa usije ukamwumiza mtu. Bakora yangu nayo ikachukuliwa, ikapimwa, ikageuzwageuzwa, halafu ikafungwa utepe wa manjano kuonyesha kuwa imepita. Mti ule nimeushika miaka 15, na siku ile ndipo nilipojua kuwa ni silaha.

KANZU YADHANIWA NI VAZI LA MCHEZO

Binti akaenda kubadili nguo, nami nikabaki nimesimama karibu na duka la vitabu. Akaja kijana mmoja, akanitazama kuanzia kofia hata viatu, akaniuliza kwa heshima sana kama nimetoka katika hadithi gani. Kabla sijamjibu mwenzake akasema nimetoka katika filamu ya jangwani. Wa tatu akaomba kunipiga picha, na akataka kujua kama vazi lile nimelishona mwenyewe.

Kwa hakika moto ulinipanda. Vazi hili nimeswalia Idi, nimeozea watoto na nimezikia wazazi. Nikamwambia, "Hili si vazi la mchezo. Hii ndiyo nguo yangu, na kofia hii imeshonwa kwa mkono, tundu moja moja, kwa miezi."

Nilitaraji atacheka. Badala yake aliita wenzake, wakaja watano sita, wakainama kuitazama kofia, wakauliza nyuzi gani, sindano gani, na mchoro ule huchorwa na nani kabla ya kushonwa. Nikaeleza nilivyojua, na nilipofika mwisho wa ujuzi wangu nikaona haya kidogo, maana maswali yao yalikuwa bado. Watu hawa, niliyodhani ni wahuni, ni washonaji. Kila mmoja wao alikuwa amekaa usiku kucha na sindano.

Ndipo binti akatokea. Alikuwa amejifanya Nausicaä, binti mfalme katika filamu ya Mjapani Miyazaki Hayao ya mwaka wa 1984. Nguo yake ilikuwa ya samawati, ndefu kupita magoti, na ndani yake suruali pana hadi katika viatu. Nywele za yule binti mfalme ni za rangi ya kahawia iliyoiva, basi yeye alichukua mtandio wa rangi hiyo hiyo, akaukunja na kuupiga pasi mpaka ukaonekana kwa mbali kama nywele, ilhali unywele wake mwenyewe haukuonekana hata mmoja.

"Na mikono hii, ami," akanionyesha, "nimeitia vifungo mpaka kwenye kisugudi. Nikitaka kutawadha nafungua, sina haja ya kuvua nguo."

Usione vyaelea, vimeundwa. Niliishika ile mikono ya nguo nikaitazama mishono yake, wala sikupata pa kuitia dosari.

SATARANJI SI NGENI KWETU

Jambo kubwa la siku ile lilikuwa mchezo wa sataranji wa watu wazima. Sakafuni walikuwa wamepiga mistari kwa utepe, vyumba 64, na kila chumba kinatosha watu wawili kupigana. Watu 32 husimama kama vipande, 16 kila upande, na manahodha wawili ndio wafikirio na kutoa amri. Kipande kikienda kukila kingine, wale wawili hufanya mapigano ya kuigiza, bila kugusana, na aliyeliwa hutoka. Binti yetu alikuwa malkia wa jeshi jeupe. Na kwa bahati, kitunda kimoja hakikutokea. Mwenyewe alipatwa na homa.

"Ami," akaniambia, "wanataka mtu mmoja tu. Wewe umetufundisha sisi sote sataranji."

Ni kweli. Nilijifunza kwa marehemu babu yangu barazani, nikawafundisha watoto wote wa nyumba yetu. Na mchezo wenyewe si wa Wazungu. Ulitoka Bara Hindi, ukaingia Uajemi, na Waajemi wakawapa Waarabu, nasi jina letu tumelipata kwa Waarabu. Hata neno la mwisho la mchezo, shah mat, ni la kumtangaza mfalme aliyeishiwa. Huko Baghdad, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, alikuwako Abu Bakr as-Suli, aliyewashinda wote mbele ya Khalifa. Aliwacha fumbo moja la sataranji ambalo halikufumbuliwa mpaka karne ya 20, alipolifumbua Mrusi Yuri Averbakh. Na huyo anayeitwa malkia, kwetu alikuwa waziri, mwenye kwenda chumba kimoja tu kwa mshazari. Mwisho wa karne ya 15 ndipo Wazungu walipompa mbio alizo nazo sasa. Askofu naye kwetu alikuwa tembo.

Wala kutumia watu badala ya vipande si jambo la jana. Wahindi husimulia kwamba Mfalme Akbar huko Fatehpur Sikri alicheza pachisi kwa watu wazima juu ya sakafu ya ua wake. Mwaka wa 1924 mjini Leningrad jeshi la nchi kavu lilicheza sataranji na jeshi la majini uwanjani, kwa askari na farasi wa kweli, wakaenda saa tano nzima na mwisho wakatoka sare. Na mji wa Marostica, Italia, hufanya mchezo huo kila baada ya miaka miwili, watu wakivaa mavazi ya karne ya 15.

Hayo nilikuwa nikiyajua vitabuni. Lakini kabla sijakubali nilikumbuka na jambo jengine. Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo tuyafuatayo wengi wetu huku Pwani, hakuuharamisha mchezo huu wenyewe, bali aliuchukia. Na wanavyuoni wake wakasema ukiingiwa na kamari, au ukimpitisha mtu wakati wa sala, huwa haramu. Maimamu wengine wamekaza zaidi. Mimi si mtoa fatwa, mwenye kutaka awaulize masheikh. Nilimwuliza binti mambo mawili tu: pana fedha? pana kugusana? Akajibu hapana na hapana. La tatu, la sala, sikumwuliza. Mzee kama mimi, nilijiona, hana haja ya kuuliza hilo.

MCHEZO WAANZA

Niliwekwa pembeni, upande wa kulia, mbele ya ngome. Nyuma yangu alikuwa kijana mrefu amejifanya jumba la mawe kwa maboksi, akihema kwa joto. Ilikuwa saa nane mchana, na walisema mchezo ni wa saa moja.

Hapa lazima nieleze habari ya jua la kule. Mwezi wa Novemba siku ya Birmingham ni fupi kama mkia wa mbuzi. Sisi Mombasa asri hutukuta saa tisa na ushei. Wao siku ile asri yao iliingia saa nane hiyo hiyo, na magharibi ni saa kumi na dakika kumi. Mimi nami si msafiri tena wa kujumuisha sala, nimekaa wiki tatu. Nikahesabu: mchezo utakwisha saa tisa, nitaswali kwa nafasi.

Kitunda cha pembeni hakina kazi mwanzoni. Nilisimama nikitazama. Katikati ya uwanja vita vilikuwa vikali: jitu kuvu lilimla mchawi, mchawi akafa kwa mbwembwe dakika tatu nzima, akifufuka na kufa tena, watu wakivunjika mbavu. Kila kifo kilikuwa ni tamasha, na kila tamasha lilikula wakati.

Yapata saa tisa kasorobo, nahodha wetu alimtoa malkia mhanga ili avunje ukuta wa vitunda vya adui. Binti yetu alikufa kwa heshima, akazunguka mara moja, akapiga goti, akatoka akipigiwa makofi. Sikumwona tena.

Baada ya hapo ndipo nami nikakumbukwa. Nikaitwa mbele vyumba viwili. Nikaitwa tena chumba kimoja. Halafu nahodha akatangaza kwamba kitunda kimle farasi. Kitunda, kama mjuavyo, huenda mbele lakini hula kwa mshazari, na kwenye mshazari wangu alisimama farasi wa jeshi jeusi: kijana mwenye kifua kama mlango, amevaa deraya ya askari wa filamu ya Star Wars, nyeupe pepe, hata nikajiuliza kwa nini amewekwa kwa weusi.

Watu wakanyamaza. Walikuwa wakimtazama mzee mwenye ndevu za mvi na bakora yenye utepe wa manjano. Mimi kuigiza sijui. Lakini ujana wangu nilikwenda Lamu katika Maulidi mara nyingi, na nikacheza kirumbizi. Basi nikaingia kwa hatua za kirumbizi, bakora juu, bega mbele, nikizunguka pole pole kama mtu asikiaye zumari. Kijana wa deraya ni mwerevu. Alielewa mara moja, akatoa fimbo yake ya plastiki akanifuata mwendo. Tulizungukana mara mbili. La tatu nikaipitisha bakora juu ya kichwa chake, naye akaanguka kama gunia la mchele.

Ukumbi mzima uliinuka. Mchezo kwao hutuzwa, na mimi, nasema kweli, kichwa kilivimba kikaijaza kofia.

ASRI

Nikasogezwa tena, nikasimama chumba cha saba. Hatua moja tu ilibaki nifike mwisho, ambako kitunda hugeuka kuwa malkia. Lakini mbele yangu alisimama ngome mweusi, na kitunda hakiwezi kula kilicho mbele yake. Nikangoja. Wakacheza upande mwengine. Nikangoja. Watu walikuwa wakiniita, "Mzee! Mzee!", neno ambalo binti alikwisha kuwafundisha, nami nikiwapungia bakora.

Ghafula nikasikia sauti kando ya uwanja. "Ami."

Alikuwa ni yeye, nyuma ya utepe. Vifungo vya mikono yake vilikuwa wazi, na uso wake ulikuwa na maji bado. "Ami, ni saa kumi kasorobo. Asri."

Msomaji, nilihisi kama mtu aliyemwagiwa ndoo ya maji ya kisima. Nilitoka Mombasa kuja kumtazama mtoto huyu kama anapotea. Nilikwisha kuandika nusu ya hukumu moyoni. Na sasa mtoto mwenyewe ameliwa saa tisa kasorobo, amekwenda akatawadha, ameswali, na amerudi kunitafuta mimi, ambaye nimesimama nalewa makofi na jua linakuchwa.

"Nitawezaje kutoka?" nikamwuliza. "Nimebakiwa na hatua moja."

"Nimekwisha kusema na nahodha," akajibu. "Mimi nitakusimamia chumba chako. Ukifika mwisho unakuwa malkia, na malkia ni mimi. Nenda, ami, chumba cha kuswalia kiko mwisho wa ukumbi, mlango wa kijani."

Nikatoka. Alivuka utepe akasimama nilipokuwa nimesimama, na mtangazaji akawaeleza watu kwa maneno machache kwamba mzee amekwenda kuswali na malkia anamshikia zamu. Nilidhani nitasikia kicheko. Nilisikia makofi, ya pole pole.

Kile chumba kilikuwa kidogo na safi. Niliwakuta vijana watatu wakiswali, mmoja wao ana uso uliopakwa rangi ya fedha mpaka shingoni, ila pale maji ya udhu yalipopita. Niliswali, na nilipotoa salamu ilikuwa saa kumi kasoro dakika mbili. Nikakaa kidogo nikaomba msamaha.

Niliporudi uwanjani mchezo ulikuwa umekwisha. Ngome mweusi alikuwa ameondoka kwenda kumwokoa mfalme wake, kitunda kikapiga hatua ya mwisho, na malkia akarudi uwanjani. Mfalme mweusi nilimkuta amelala chali sakafuni na taji kifuani, akijipepea kwa kipeperushi. Sikuuona ushindi niliousimamia. Sikujuta.

SIMU KWA KAKANGU

Usiku ule nikampigia kakangu. Sikumficha neno. Nikamwambia niliyoyapenda na niliyoyachukia. Nikamwambia pana nguo kule ambazo mtu hatamani mwanawe azivae, na pana kelele na upuuzi. Kisha nikamweleza habari ya mtandio uliokunjwa ukawa nywele, na vifungo vya mikono. Halafu nikamweleza habari ya asri, na hapo ilinibidi nijitaje mimi.

Alikaa kimya, hata nikadhani simu imekatika.

"Aliswali kabla yako?" akauliza.

"Kabla yangu, na ndiye aliyenikumbusha."

"Na hizo nguo, amezishona mwenyewe?"

"Kila mshono."

Kakangu akashusha pumzi. "Mama yetu naye alishona," akasema, "na sote tulisoma kwa sindano yake." Hakuongeza neno. Jumatatu ada ilikuwa imelipwa.

Sikuandika haya ili kuwaambia wasomaji wawapeleke watoto wao katika mikutano ile. Kila mzazi amjua mwanawe. Niandikalo ni kuwa picha ilipofika Mombasa ilionyesha vazi tu. Haikuonyesha vifungo vya mikono wala ilikuwa ni vya nini. Ninaye rafiki barazani asemaye kwamba mzee mzima hakupaswa kucheza mbele ya watu, na pengine ana haki. Namjibu kwamba bakora yangu iko pale pale mlangoni, na ule utepe wa manjano sijaufungua.